Si Laana, Wala Si Kosa la Mama: Uziwi wa Kurithi kwa Watoto Wetu

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, kutoka kwetu wafanyakazi wa huduma za jamii)



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa, wala mizinga ya nyuki, wala mikopo. Tunazungumza juu ya mtoto asiyesikia.

Mbona tumechagua jambo hili? Kwa sababu tunapotembelea nyumba tunakutana nalo, na karibu kila mara tunakuta mama ndiye amewekwa kizimbani. Wanasema alivunja mwiko akiwa mjamzito. Wanasema alimjibu mama mkwe vibaya. Wanasema ukoo wake una laana, na mahari irudishwe. Baba anaanza kulala kwingine. Ng'ombe anauzwa ili mganga alipwe, na wakati wa karo ukifika hakuna kitu. Mtoto mwenyewe anawekwa nyuma ya nyumba kufukuza kuku, hana jina ila "bubu", na miaka yake ya kujifunza inapita hivyo hivyo.

Kwa hivyo tusikilizane vizuri. Tutaeleza jinsi uziwi unavyorithiwa, kwa lugha ya shambani ambayo kila mmoja wetu anaielewa. Jambo moja tunataka mrudi nalo nyumbani: mara nyingi uziwi wa kurithi hutoka kwa baba na kwa mama pamoja, na wote wawili walikuwa wanasikia vizuri. Hakuna aliyekosa. Nguvu zinazotumika kutafuta mwenye kosa zitumike kumpa mtoto lugha.

SI UZIWI WOTE NI WA KURITHI

Kwanza tutenganishe mambo. Kuna mtoto aliyezaliwa akisikia, halafu ugonjwa ukamharibu masikio. Homa ya uti wa mgongo inaweza kufanya hivyo kwa siku chache tu. Ukambi unaweza. Masikio yanayotoa usaha kwa miezi bila matibabu yanaweza. Kuna pia mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, au aliyeshikwa na umanjano mkali siku za kwanza bila kutibiwa. Mama akiambukizwa rubela akiwa na mimba changa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2016 Kenya inawapa watoto chanjo ya ukambi na rubela pamoja, mtoto akifika miezi 9 na tena miezi 18.

Mwaka huo huo wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo ambayo yangeweza kuzuiwa. Hayo 60 ni kazi yetu: chanjo, kliniki, kujifungulia hospitalini, kutibu masikio mapema. Lakini asilimia 40 inayobaki ni kubwa pia, na sehemu kubwa yake ni urithi. Hapo ndipo watu hukosa maelezo, na mahali pasipo na maelezo uvumi huingia.

MTAWA NA MINJI YAKE

Aliyetufungulia mlango wa jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa mtawa wa shirika la Waagustino, jina lake Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, akaishi katika monasteri ya mji wa Brno, ambao leo uko katika nchi ya Cheki. Kuanzia mwaka 1856 alipanda minji katika bustani ya monasteri na kuihesabu kwa uangalifu, kama mweka hazina anavyohesabu shilingi za kikundi.

Alichukua minji mirefu akaichavusha na minji mifupi. Mngetazamia nini? Pengine minji ya kimo cha katikati. Hapana. Miche yote iliyotoka ilikuwa mirefu. Ungesema ule ufupi umekufa kabisa. Halafu akaiacha hiyo mirefu ijichavushe yenyewe, akapanda mbegu zake. Msimu huo alihesabu miche 1,064. Mirefu ilikuwa 787, na mifupi 277. Ufupi ulikuwa umerudi, karibu mmoja kwa kila minne!

Ulikuwa wapi msimu ule mwingine? Ulikuwa umejificha ndani ya miche mirefu. Mendel alielewa kwamba kila mmea una mbegu mbili za urithi kwa kila tabia: moja ya upande wa baba, moja ya upande wa mama. Ya urefu ikikutana na ya ufupi, urefu ndio huonekana na ufupi hunyamaza. Lakini kunyamaza si kufa. Mbegu mbili za ufupi zikikutana katika mche mmoja, ufupi unatokea tena. Aliandika hayo mwaka 1866 na wachache sana walimjali. Alikufa mwaka 1884, na ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu waligundua kwamba mtawa yule alikuwa amesema kweli.

Hizo mbegu za urithi leo zinaitwa jeni. Wanadamu tunazo maelfu mengi, na karibu kila moja ipo kwa jozi: moja ya baba, moja ya mama. Zinaeleza mwili namna ya kujijenga, kama fundi anavyofuata ramani ya nyumba.

Sasa, sikio la ndani ni nyumba yenye kazi nyingi ndogo ndogo. Kuna kijifuko kilichojikunja kama gamba la konokono. Ndani yake kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Seli hizo zikifa hazioti tena. Ili sikio hilo lifanye kazi zinahitajika jeni nyingi, kila moja na kazi yake. Wataalamu wameshatambua zaidi ya 100 ambazo kasoro katika moja tu inaweza kuleta uziwi. Ni kama pampu ya maji ya kikundi: skrubu yoyote ikilegea, maji hayatoki, hata kama bomba lote ni jipya.

JARIBUNI WENYEWE KWA MAHARAGWE

Msituamini kwa maneno tu. Siku ya mkutano wa kikundi chukueni bakuli mbili. Moja ni baba, nyingine ni mama. Katika kila bakuli wekeni haragwe moja jekundu na moja jeupe. Jekundu ni jeni nzima. Jeupe ni jeni ya kusikia yenye kasoro. Baba huyu anasikia, kwa kuwa jekundu linatosha kufanya kazi. Mama pia anasikia kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna anayejua kwamba amebeba jeupe. Alilipata kwa mzazi wake, naye mzazi kwa babu au nyanya, na hakuna aliyewahi kujua.

Mtu mmoja afumbe macho, atoe haragwe moja katika kila bakuli. Hayo mawili ndiyo mtoto. Katibu aandike, halafu maharagwe yarudishwe kila moja mahali pake. Rudieni mara 40.

Mtaona hivi. Karibu watoto 10 watapata mekundu mawili: wanasikia. Karibu 20 watapata jekundu na jeupe: wanasikia, lakini wanabeba kama wazazi wao. Karibu 10 watapata meupe mawili: hao ni viziwi. Msitazamie iwe 10 kamili. Inaweza kuwa 8 au 13. Ndivyo bahati ilivyo.

Mchezo huu mdogo unajibu maswali makubwa tunayoulizwa vijijini.

Swali la kwanza: "Kwetu hakuna kiziwi hata mmoja, huyu ametoka wapi?" Ametoka kwa maharagwe meupe mawili yaliyokutana baada ya kujificha vizazi vingi. Ndiyo maana watoto viziwi walio wengi mno, zaidi ya 9 kati ya 10, wana wazazi wanaosikia.

Swali la pili: "Ni upande wa nani?" Tazameni bakuli. Mtoto hawezi kupata meupe mawili kutoka bakuli moja. Alipata moja kwa baba na moja kwa mama. Bwana anayemfukuza mke wake kwa ajili ya mtoto kama huyu, nusu ya sababu anayo yeye mwenyewe mwilini. Na hata hiyo si kosa, kwa sababu hakuna anayechagua haragwe la kumpa mwanawe.

Swali la tatu: "Tumepata mmoja kiziwi, basi watatu wanaofuata watasikia?" La. Kila mimba ni kufumba macho upya. Nafasi ni ile ile, moja kati ya nne, kila mara. Kuna nyumba ambayo watoto sita wanasikia wote, na jirani mwenye maharagwe hayo hayo ana viziwi watatu.

KIJIJI CHA ADAMOROBE

Sasa tuvuke hadi Afrika ya Magharibi, nchini Ghana. Karibu na mji wa Aburi, kaskazini ya Accra, kuna kijiji kinachoitwa Adamorobe. Kijiji hicho kinajulikana duniani kwa sababu kwa vizazi vingi kimekuwa na viziwi wengi kuliko kawaida. Wenyeji walikuwa na hadithi zao za kueleza jambo hilo, na miungu imo katika hadithi hizo. Mnaona, si sisi peke yetu tunaotafuta sababu kwa njia hiyo.

Mwaka 1998 madaktari walichapisha matokeo ya kuchunguza damu ya viziwi wa Adamorobe. Walikuta kasoro moja, ile ile, katika jeni ya koneksini 26. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza vimilango vidogo kati ya seli na seli katika sikio la ndani, ambamo chumvichumvi ya potasiamu hupita. Vimilango visipofunguka, sikio halipati kuendesha kazi yake. Viziwi hao walikuwa na maharagwe meupe mawili. Ndugu zao wengi wanaosikia walikuwa na jeupe moja. Kijiji kidogo, watu wakioana kwa karibu kizazi baada ya kizazi, haragwe jeupe la mtu mmoja wa zamani hujaa katika bakuli nyingi.

Kabla ya uchunguzi huo, mwaka 1975, chifu wa Adamorobe alikuwa ametoa amri kwamba kiziwi asioane na kiziwi mwenzake. Alitaka kupunguza uziwi. Lakini rudini kwenye bakuli zenu. Wanaobeba jeupe wengi wao wanasikia, na amri haiwagusi hata kidogo. Wawili kati yao wakioana, mtoto kiziwi anaweza kuzaliwa kama kawaida. Amri iliwanyima viziwi haki ya ndoa wanayoitaka, na mlango mkubwa ukabaki wazi.

Kuna jambo lingine la Adamorobe ambalo linatufurahisha zaidi. Kijiji hicho kina lugha yake ya ishara, iliyokua hapo hapo kijijini, na watu wengi wanaosikia wanaijua. Kiziwi anasalimiwa, anauza na kununua, anasikilizwa. Hawakungoja mradi wala mfadhili.

Je, hapa kwetu Kenya? Mwaka 2004 watafiti waliowachunguza watoto viziwi wa Kenya na Sudan walichapisha kwamba kasoro za jeni ya koneksini 26 ni chache sana kwetu, ingawa huko Ulaya jeni hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha uziwi wa kurithi. Maana yake ni kwamba uziwi wa kurithi wa hapa kwetu unatoka zaidi katika jeni nyingine. Skrubu ni nyingine, lakini hesabu ya maharagwe ni ile ile.

NJIA NYINGINE ZA URITHI

Tumeeleza njia iliyo ya kawaida zaidi. Katika watoto waliorithi uziwi bila dalili nyingine mwilini, karibu 8 kati ya 10 waliupata kwa njia hiyo ya maharagwe meupe mawili. Lakini zipo njia nyingine, na nyingine zina dalili ambazo jirani mwenye macho mazuri anaweza kuziona. Zishikeni akilini.

Kuna urithi ambao haragwe moja tu lenye kasoro linatosha. Hapo mara nyingi mzazi mmoja naye ana hali hiyo. Mfano ni hali iliyoelezwa mwaka 1951 na daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Waardenburg. Mtoto anaweza kuwa na kishungi cha nywele nyeupe mbele ya kichwa, au macho ya rangi ya samawati yenye kung'aa, au jicho moja la samawati na moja la kahawia. Wengine wenye alama hizi ni viziwi na wengine wanasikia. Mtoto kama huyu huambiwa ana jini. Hana jini. Ana jeni.

Kuna mtoto kiziwi ambaye akifika umri wa shule, au ujana, anaanza kujikwaa jioni jua likizama. Watu hudhani ni mzembe. Huenda ni hali iitwayo Usher, ambayo kusikia hukosekana tangu mwanzo na macho nayo hufifia polepole. Apelekwe kwa daktari wa macho mapema, ili ajifunze ishara na kusoma wakati bado anaona vizuri.

Kuna kiziwi anayevimba rovu shingoni. Huyo naye aonwe na daktari.

Na kuna hii, ambayo tunaomba kila mwalimu aisikie. Mtoto kiziwi ambaye huanguka na kuzimia akikimbia, akishtuka au akiogopa, asichukuliwe kuwa ni kifafa tu. Ipo hali ya kurithi, iliyoelezwa na madaktari wa Norway mwaka 1957, inayounganisha uziwi na hitilafu ya umeme wa moyo. Inaweza kuua ghafla. Kipimo cha moyo kinaionyesha, na dawa zipo.

Mwisho, kuna urithi unaopita kwa mama peke yake. Wanaouchukua huweza kusikia vizuri maisha yao yote, mpaka wapigwe sindano za jamii fulani: jentamisini, streptomisini, kanamisini au amikasini. Kwa mtu wa kawaida dawa hizi zinaweza kudhuru masikio zikitumika kwa wingi au kwa muda mrefu. Kwa mwenye urithi huu, hata kipimo cha kawaida kinaweza kuondoa kusikia. Basi kama katika ukoo wa mama kuna watu waliopoteza kusikia baada ya sindano, mwambieni daktari au muuguzi kabla ya matibabu. Tafadhalini, tusieleweke vibaya. Msikatae sindano. Dawa hizo zinaokoa watoto wachanga wengi. Semeni tu habari ya ukoo, daktari atapima atumie ipi.

Na tukisema "hupita kwa mama", asiwepo wa kusema "si nilisema ni mama!" Mama huyo alipokea kwa mama yake, kama alivyopokea rangi ya ngozi na umbo la pua.

JE, VIJANA WAOANE AU WASIOANE?

Swali hili huulizwa kila baraza. Tutalijibu kwa sehemu mbili.

Ndugu wa damu ya karibu wakioana, nafasi ya maharagwe meupe mawili ya aina moja kukutana huongezeka, kwa kuwa babu yao ni mmoja. Wazee wa jamii zetu nyingi walikataza kuoana ndani ya ukoo, na walikuwa na busara. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 1091, inazuia ndoa za binamu wa kwanza. Zipo jamii katika nchi yetu ambazo huoa binamu, na hatuko hapa kumtukana mtu kwa mila yake. Tena watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Lakini kama ukoo tayari una watoto viziwi, ni vyema wazee wajue hesabu hii kabla ya kuposa.

Sehemu ya pili ni viziwi wenyewe. Kiziwi na kiziwi wanaweza kuoana, na mara nyingi watoto wao husikia. Mmoja aliharibiwa masikio na homa ya uti wa mgongo, mwingine alirithi: kwa kawaida watoto wanasikia. Wote wawili walirithi, lakini katika jeni tofauti: kwa kawaida watoto wanasikia. Ni pale tu wote wawili wana meupe mawili ya jeni ile ile ndipo watoto wote huwa viziwi. Na hata hapo, hao ndio wazazi wanaojua kumlea mtoto kiziwi kuliko sisi sote, kwa sababu lugha ipo nyumbani tangu siku ya kwanza.

Kanisa halimzuii kiziwi kuoa. Kanuni ya 1104 inasema wazi kwamba asiyeweza kusema aeleze ridhaa yake kwa ishara zenye maana ile ile. Basi katekista asimrudishe kijana kiziwi nyumbani. Atafute mkalimani.

TUFANYE NINI?

Tusingoje kujua ni jeni gani. Vipimo vya jeni ni ghali na haviko karibu na wengi wetu. Msaada wa mtoto unaanza bila hivyo vipimo.

Tumtazame mtoto mapema. Mtoto mchanga hushtuka mlango ukibamizwa. Akifika miezi 6 hugeukia sauti ya mama bila kumwona. Akifika mwaka mmoja huanza kusema "mama" au "baba". Asipofanya hivyo msiseme "huyu ni mvivu wa kusema kama mjomba wake". Mpelekeni kituo cha afya, na mwombe kutumwa kwa daktari wa masikio. Na mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye kiziwi tayari apimwe hata kabla ya dalili.

Tuandike ukoo. Chukueni karatasi, mchore vizazi vitatu: watoto, wazazi, babu na nyanya. Wekeni alama kwa asiyesikia, na muandike kama alizaliwa hivyo au aliugua, na kama alipigwa sindano. Karatasi hiyo moja itamsaidia daktari sana.

Tumpe mtoto lugha. Hili ndilo kubwa. Ubongo wa mtoto hushika lugha kwa urahisi katika miaka ya kwanza, na haujali kama lugha hiyo inaingia kwa masikio au kwa macho. Uziwi haupunguzi akili. Kukosa lugha ndiko kunakomrudisha nyuma. Vifaa vya kusikia huwasaidia wengine, na kama mnaweza kuvipata, vizuri. Lakini mikono iko nyumbani tayari. Kikundi kinaweza kumwalika kiziwi mzima anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya afundishe familia, ndugu na majirani, na alipwe kutoka kwa mchango kama mwalimu mwingine. Lugha hiyo imetajwa katika Katiba yetu ya mwaka 2010, na katika Bunge ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Si mchezo wa mikono.

Tumpeleke shule. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum vilianza chini ya Wizara ya Elimu mwaka 1984. Ulizeni kilicho karibu nanyi katika ofisi ya elimu. Kutoka hapo mtoto huelekezwa shule inayomfaa. Kanisa letu lina historia katika kazi hii: shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias zilianzishwa na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwandikisheni pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Tujihadhari na wauza miujiza. Ni kweli kwamba sayansi inasonga mbele. Mwaka 2024 madaktari wa China walitangaza kwamba waliwatia watoto sita jeni nzima ya otofelini ndani ya sikio, na watano wakapata kusikia. Tunamshukuru Mungu. Lakini hiyo ni jeni moja kati ya zile zaidi ya 100, na ilifanywa na mabingwa katika hospitali kubwa. Mtu akija sokoni na chupa ya kutibu uziwi wa kuzaliwa, mwambieni mtoto ana karo ya kulipa.

Wapendwa, wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Swali hilo lilijibiwa zamani, na bado linaulizwa katika maboma yetu. Kila mtu katika hema hili amebeba haragwe jeupe la aina fulani, hata sisi tunaozungumza. Tofauti ni kwamba letu bado halijakutana na mwenzake.

Mungu awabariki, na abariki vikundi vyenu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, mtoto kiziwi anaitwa jina gani? Je, tunalijua jina lake la ubatizo?

2. Fanyeni jaribio la maharagwe mara 40. Mmepata ngapi meupe mawili? Lina maana gani kwa mama anayelaumiwa?

3. Ni watoto wangapi wasiosikia walio nyumbani bila shule katika eneo letu? Nani atawatembelea, na lini?

4. Ni mtu gani wa karibu anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, na kikundi kinaweza kuchanga kiasi gani ili atufundishe?